Rangi ya Kuzaliwa

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi anayemwona baba ameniagiza niandike mistari miwili kila siku: amekula nini, amelala vipi, amesahau nini. Mistari miwili! Mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema mistari miwili nikanyamaza, na kaka yangu ni shahidi. Nitaandika nitakavyo, muuguzi atachukua anachokitaka.

Basi: leo baba amekula mkate na chai, amelala mchana, na ameniita kwa jina la dada yake ambaye tulishamzika. Kaka yangu naye baba amemwita "bwana mdogo", kama mteja aliyekuja kuziba pancha. Tumebaki watatu nyumbani, maana wifi yuko kwao anamuuguza mama yake. Chumba cha mbele ni karakana ya kaka, anatengeneza baiskeli. Huku nyuma, chini ya bati, ndipo ninapopaka rangi fremu.

Kitu kimoja baba hajakisahau, nacho ni baiskeli yake nyekundu inayoning'inia karibu na mlango. Aliinunua wakati baiskeli za milimani zilipoanza kuonekana, matairi manene, haina springi hata moja, akashindana nayo na kushinda. Kila alasiri kaka huishusha, wakaenda pamoja mpaka darajani na kurudi. Kabla ya kupanda, baba hupitisha kidole kwenye mikwaruzo kama mtu anayesalimia watu mlangoni. "Hapa niliangukia kwenye changarawe. Hapa mbuzi wa jirani. Hapa mama yenu aliiangusha, akasema ni upepo." Kisha hucheka. Mama ametutoka, sisi baba ametusahau, lakini ule upepo wa uongo bado anao. Akishuka darajani anarudi mtulivu, anakula, analala. Siku asipopanda, hakuna anayelala.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Wamekwenda hivyo hivyo, wamerudi wameloa chapachapa, wanacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ni siku yangu. Wapandaji wa chama cha baiskeli za zamani wametushukia tangu asubuhi, kila mmoja na mkweche wake begani.

Hiki ni kioja. Miaka michache iliyopita baiskeli hizi za zamani zilikuwa takataka. Watu walitaka zenye springi mbele na nyuma, fremu nyepesi za kunyanyua kwa kidole. Niliona fremu moja nzuri imegeuzwa mlango wa banda la kuku, nyingine inaanikiwa nguo. Baba aliona uchungu mpaka akawa anapita kichochoro kingine. Sasa ghafla watu wamepagawa. Wanazisaka nyumba kwa nyumba, wanabembeleza wajane, wanagombana wao kwa wao juu ya usukani. Na zote zinakuja kwangu, kwa sababu wanataka ziwake kama zilivyotoka dukani. Ninachuna rangi ya zamani, ninapiga msasa, ninapaka rangi ya msingi, ninapuliza rangi yenyewe, ninafunga kwa vanishi. Nikimaliza, mtu hawezi kuamini ni ule mkweche.

Mwenyekiti wao ana tumbo la heshima na sauti ya mtangazaji. Leo ameishika fremu yake ya bluu mbele ya wenzake akasema, "Huyu dada si mpaka rangi. Huyu anafufua." Nilivimba kichwa, naandika bila haya.

Yuko pia binti mmoja mpiga picha, anatembea na kamera shingoni na kunikanyagia msasa wangu. Anapiga picha kutu, anapiga picha nyufa. Ameipiga baiskeli ya baba kila upande, mpaka chini. Nimemwambia kama anapenda uchafu aende jalalani.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Ninaandika hili kwa hasira. Kila alasiri mimi nimeinama kwenye fremu, pua imejaa rangi, na kaka yangu amepanda baiskeli anatalii na mzee. Wateja wanamsubiri. Nikimwambia ananijibu, "Hiyo nayo ni kazi." Kazi gani ya kufika darajani na kutazama maji? Tangu utotoni ndivyo alivyo, akipewa jembe anaulizia kivuli.

Jumapili, 16 Machi

Baba ameniuliza mimi ni mke wa nani. Nimemwambia mimi ni binti yako, baba. Akanitazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mtu anayekutania wakati hamjazoeana.

Nimelia jikoni. Wala sikujificha, hakuna aliyenitazama.

Jumamosi, 22 Machi

Mwenyekiti amekuja peke yake, ameketi kwenye kopo la rangi kama mwanafamilia. Chama kitafanya maonyesho mwezi ujao ukumbini. Anataka baiskeli ya mzee iwe mbele kabisa, na mzee mwenyewe aketi pembeni yake watu wamwamkie.

"Ila si katika hali hii, dada," akasema. "Hebu itazame. Imechubuka kila mahali. Wewe unafufua vya watu, cha baba yako unakiacha kife?"

Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa anifunge vizuri. Lakini si sifa tu. Nimewaza jambo jingine tangu alipoondoka. Kama baba anaikumbuka hivi ilivyochakaa, je, akiiona ilivyokuwa siku aliyoinunua, yeye kijana, mama yupo mlangoni? Pengine ndiyo itakayomrudisha. Madaktari wana dawa zao, mimi nina rangi.

Alhamisi, 27 Machi

Hali ya mama mkwe wa kaka imekuwa mbaya, kaka amekwenda. Akifunga begi amenishika mkono, jambo asilolifanya kamwe.

"Dada, mvua ikikatika hata kidogo, mtembeze mzee. Usikose. Na usimwondolee baiskeli yake."

"Nani anamwondolea?"

"Nasema tu."

Sikumwambia. Nilitaka arudi aikute, macho yamtoke.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeanza. Baba alipolala mchana nimeishusha, nikaifungua yote, nikaipaka dawa ya kuchuna rangi. Rangi ikavimba, ikatoka kama ganda. Kabla ya hapo nilifanya jambo la kujivunia: nilitoa kishikio cha kiti, na pale ndani ambapo jua halikuwahi kufika, nikaikuta rangi yenyewe ya dukani, nyekundu mbichi. Nimechanganya makopo mpaka nimeipata ile ile. Hakuna mpaka rangi mwingine ambaye angeijua.

Baba ameamka, ameutazama msumari mtupu ukutani. "Baiskeli yangu?"

"Iko kwa fundi, baba."

"Fundi gani? Mimi ndiye fundi."

Jumapili, 30 Machi

Ameuliza mara nyingi. Nimejibu vile vile.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Rangi haikauki. Baba hajala.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado inanata. Nimewasha jiko la mkaa karibu nayo. Baba anazunguka chumba cha mbele, anafungua kabati, anatazama chini ya kitanda. Chini ya kitanda, baiskeli! Nimecheka, kisha nimejichukia.

Jumapili, 6 Aprili

Imekauka. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii maishani mwangu. Nimeipiga vanishi mpaka unaweza kujitengenezea nywele humo. Nimeifunika shuka jipya, nimemketisha baba, nimemvisha shati safi, nikavuta shuka.

Akaitazama. "Nzuri sana," akasema. "Ya nani?"

"Yako, baba. Ndiyo ile."

"Yangu ni nyekundu."

"Na hii ni nyekundu."

Akainuka, akaja, akapitisha kidole kwenye bomba la juu, taratibu, kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Kidole kikateleza. Akarudia. Kikateleza tena.

"Yangu ina mke wangu hapa," akasema.

Akaniachia mimi hiyo baiskeli, akaenda kutazama chini ya kitanda.

Sikumwelewa mara moja, Mungu ananiona. Nilisimama na shuka mkononi nikasema moyoni, atazoea. Baadaye nikakumbuka kwamba vumbi la rangi ya zamani nililifagia mwenyewe Jumamosi ile, nikalitupa pamoja na makaratasi ya msasa.

Jumatano, 9 Aprili

Kaka amerudi. Mkwewe ana nafuu. Alisimama mlangoni na begi lake, akaiona inavyong'aa pale ukutani, na nilichokisubiri kikatokea: macho yalimtoka.

"Umefanya nini?"

"Nimeifufua."

"Nani alikwambia imekufa?"

Nikamjibu kwa ukali, kwamba mimi ndiye ninayefanya kazi nyumba hii, yeye kazi yake kutembea tu. Hakupandisha sauti. Akakaa chini, akanieleza wanachofanya darajani. Kumbe hawatazami maji. Kumbe kila siku baba anasimamisha baiskeli, anashika mkwaruzo wa kwanza na kuanza kusimulia, na mkwaruzo mmoja unaleta mwingine, mpaka anafika kwenye ule wa mama. Na akifika kwa mama anasema majina yetu. Sisi sote wawili. "Kila siku anakutaja," kaka akasema. "Anasema, binti yangu alikuwa tumboni wakati ule, ndiyo maana mama yake ilimponyoka."

Sikujua. Alikuwa akinikumbuka kila alasiri mimi nikiwa nyuma ninapiga msasa, nikinung'unika. Nilimuuliza kaka kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia twende, mara ngapi? Ukasema una wateja."

Jumamosi, 12 Aprili

Maonyesho. Kaka hakutaka kwenda, mimi niliona aibu kukataa. Baba tulimwacha na jirani, baiskeli yake tukaenda nayo.

Ukumbi ulijaa. Kila baiskeli niliyoipaka ilikuwa imepangwa ubavuni, zinang'aa kama masufuria, na watu wanazipita. Wote walikuwa wamesongamana kwenye baiskeli moja katikati. Mtu kaitoa kwenye banda la bibi yake, hajaigusa. Rangi imebanduka, stika zimekatika nusu, na bado ina tope. Karibu yake ziko picha za yule binti, za kutu na nyufa, kubwa ukuta mzima. Watu wananong'ona kama wako msibani. Neno lililokuwa kwenye kila mdomo ni "rangi ya kuzaliwa". Ina rangi ya kuzaliwa. Haijaguswa. Rangi ya kuzaliwa hairudi.

Mwenyekiti naye alikuwa analisema, tena kwa ile sauti yake, utadhani alizaliwa nalo. Alipofika kwenye baiskeli ya baba alitikisa kichwa.

"Aa, dada. Hii mmeiharibu. Ingekuwa ndiyo lulu ya leo."

"Si wewe uliyesema inakufa?"

"Mimi nilisema isafishwe."

Macho makavu kabisa! Nilitaka kumjibu jibu la kukumbuka, lakini yule binti wa picha akanishika bega, akaniuliza mzee anaendeleaje. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza.

Jumanne, 15 Aprili

Muuguzi, mistari yako miwili hii hapa: leo baba amepotea kwenye mvua, amepatikana. Yanayofuata ni yangu.

Nilikuwa nimeingia kuepua chai. Nilipotoka mlango uko wazi na viatu vyake viko pale pale. Kaka akakimbilia darajani, mimi nikashika barabara ya madukani, mvua inapiga hata huoni mbele. Nikiuliza watu wananijibu wakiwa wamejibanza kwenye kuta. Nilimwita "baba, baba" na wazee wengine wakageuka, yeye hayumo.

Nilimkuta nje ya benki, pale wanapoegesha baiskeli. Mlinzi alikuwa amemshika ukosi, na kundi la watu limezunguka. Kumbe alikuwa amepita mstari mzima wa baiskeli, moja baada ya nyingine, anainama, anapapasa mabomba kwa kidole. Mtu mmoja akapiga kelele za mwizi. Mguu mmoja ulikuwa unatoka damu, shati limechanika, na uso wake ulikuwa na mshangao kuliko hofu.

"Huyu ni baba yangu!" nikawaambia. "Si mwizi, anatafuta baiskeli yake."

"Ipi?" mlinzi akauliza. "Aionyeshe."

Ningesema nini? Kwamba iko nyumbani ukutani? Kwamba haipo tena duniani? Mama mmoja muuza magazeti akamfokea mlinzi, "Muachie mzee wa watu, huoni alivyo?" ndipo akaachiwa.

Nikamsogelea nimfunike kanga yangu. Baba akanitazama, akaona watu wananisikiliza, nadhani akaniona mimi ni mkubwa fulani mahali pale. Akainamisha kichwa, na kwa sauti ya mtoto aliyefunzwa adabu akasema, "Shikamoo."

Baba yangu mzazi. Nilisimama kwenye mvua ile, salamu yake imening'inia, siwezi kuipokea wala kuirudisha. Nikamkumbatia tu. Kaka alipofika alitukuta hivyo, akatubeba wote wawili kwa maneno matamu mpaka nyumbani, kama anavyombeba baba kila siku. Huyo ndiye niliyemwita mvivu.

Jumatano, 16 Aprili

Ana homa. Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Homa imeshuka. Wateja wamekuja, wawili tu. Mmoja ananiuliza kama ninaweza kuitoa rangi niliyompakia mwezi uliopita na kumrudishia ile ya zamani. Nimemuonyesha mlango.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa yule binti wa picha. Nilikuwa nimemeza aibu yangu njia nzima, yeye hata hakunipa nafasi ya kuitapika. Akanitolea picha zote za baiskeli ya baba, kubwa, kila mkwaruzo unaonekana. Wa mama ni mrefu, umepinda mwishoni. Nimeutazama mpaka macho yameuma.

Jumanne, 29 Aprili

Ninafanya kazi ambayo sikuwahi kuiota. Kwa tupa, msumari na jiwe, ninaharibu nilichokitengeneza. Nimezibandika picha ukutani, ninapima kwa uzi, ninachimba. Ule wa mama nimeuacha wa mwisho. Umetoka sawa, pamoja na kule kupinda kwake. Kaka amekuja akautazama. Amenishika bega.

Jumatano, 30 Aprili

Tumemwonyesha. Akaja, akaweka kidole. Kilipogusa mkwaruzo, kikasimama.

"Nani kaiumiza hii?" akauliza. Alikuwa na uchungu wa kweli. "Baiskeli nzuri hivi, ya watu! Mwenyewe atasema nini?" Akanigeukia. "Wewe si fundi wa rangi? Irudishe kabla hajaja. Usiache mali ya mtu namna hii."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba."

Jumatatu, 5 Mei

Nimeipaka upya. Rangi ile ile, kopo lile lile. Baba ameketi karibu yangu kutwa anasimamia, asiniachie nikosee. Ndiyo mara ya kwanza tangu nianze kazi hii tukae pamoja siku nzima. Nimefurahi, na furaha yenyewe inaniuma.

Jumamosi, 10 Mei

Hakuna mteja. Mwenyekiti amepita mbele ya mlango akiwa juu ya baiskeli ya mota, mpya, miguu haifanyi kazi yoyote. Amenipungia mkono. Kaka anasema chama kizima sasa ndiko kinakokwenda, na zile za zamani, za kung'aa na za kutu, wanazitafutia wa kuzichukua. Ya bluu niliyomfufulia imeegemezwa nyuma ya duka lake, nje, inanyeshewa.

Jumanne, 13 Mei

Manyunyu tu. Baba anaifuta baiskeli kila asubuhi kwa kitambaa. Anamtunzia mwenyewe.

Jumapili, 18 Mei

Jua. Ardhi inatoa mvuke. Kaka amemwambia baba, "Mzee, tuijaribu kidogo, mwenyewe akija aikute inakwenda vizuri." Baba akafikiri, akakubali, kwa sharti kwamba mimi nije kuwa shahidi. Nimefunga karakana, nimepanda baiskeli ya wifi, nimekwenda.

Anapanda kama kijana. Mgongo umenyooka, anazikata kona, na sisi nyuma tunahema. Karibu na daraja gurudumu likagonga jiwe akaanguka kwenye majani, taratibu, hakuumia. Ila bomba la juu limekwaruzwa, rangi imetoka mpaka chuma kinaonekana.

Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni na baiskeli, kiganja kimefunika ule mkwaruzo.

"Nimeikwaruza baiskeli ya watu," akaniambia polepole.

"Ilikuwaje, baba?"

"Mbuzi wa jirani. Alikatiza." Kaka, nyuma yake, akanitazama. Hapakuwa na mbuzi. "Nifunikie, mama, kabla mwenyewe hajaja. Wewe ni fundi."

Kopo la rangi nyekundu lilikuwa kwenye rafu mgongoni kwangu, limejaa nusu.

"Rangi imekwisha, baba," nikamwambia.

Akahuzunika kidogo. Kisha akanyanyua mabega. "Basi akija nitamweleza mwenyewe. Nitamwambia, hapa alikatiza mbuzi."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya baiskeli, akaweka kidole juu ya mkwaruzo asije akapasahau.